Fungueni Makabati

Tumezoea kusema kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Mzazi humlaumu mwalimu, mwalimu humlaumu mzazi, na wote wawili wakikutana huilaumu simu. Mimi nasema mtoto asihukumiwe kabla hajapewa kitabu mkononi, akaenda nacho nyumbani, akalala nacho, akakirudisha kesho kutwa hata kama jalada limekunjika. Wengi hawajapewa nafasi hiyo hata mara moja. Vitabu vya hadithi vimo katika shule zetu nyingi, tena vingine vizuri mno, ila vimo kabatini, ofisini kwa mwalimu mkuu, chini ya kufuli.

Msimcheke mwalimu mkuu. Vitabu vile vimeandikwa katika leja, na siku ya ukaguzi vitahesabiwa. Kikipungua kimoja, atajibu yeye. Kikichanika, atajibu yeye. Akiviazimisha, amejitwisha maswali. Akivifungia, hakuna wa kumuuliza neno, maana hakuna mkaguzi anayeuliza kwa nini kitabu bado ni kipya baada ya miaka minne. Mtu yeyote mwenye akili zake angefunga kabati. Kosa ni letu sisi tuliomwachia dhamana hiyo peke yake, kisha tukaenda zetu shamba na sokoni.

Hasara ya kufuli hilo tumeshaiona. Watafiti wa mpango wa Uwezo walipowapima watoto wa Tanzania majumbani na kutoa matokeo yao ya miaka ya mwanzo, 2010 na 2011, ilionekana kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, kama watatu tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali nayo ilishtuka. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapangwa upya mwaka 2015 ili nguvu ielekezwe kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Jambo jema. Lakini kujua herufi ni mlango tu. Mtoto hupata wepesi wa kusoma kwa kusoma kurasa nyingi, nyingi kuliko zile za kitabu cha kiada ambacho ameshakikariri mpaka anaweza kukiimba huku amefumba macho.

Wala tusiseme hatuna waandishi. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, umekuwa ukiwakusanya waandishi, wachoraji na wahariri kwenye warsha, ukichagua miswada iliyo bora, kisha ukimhakikishia mchapishaji kwamba sehemu ya nakala zitakazochapwa itanunuliwa na kupelekwa shuleni. Tazameni ufundi wa mpango huo: mchapishaji haogopi tena kula hasara, mwandishi anapata cha kumfanya aandike kingine, na shule inapata vitabu vya Kiswahili vinavyosimulia mambo ya hapa. Hapo ushirikiano umekwenda mbali, kutoka kwa mfadhili hadi mlangoni mwa shule. Unaposimama ni zile hatua chache kati ya mlango huo na dawati la mtoto, na hatua hizo Kanada haiwezi kuja kutupigia.

Nitagusa na hili, ingawa baadhi ya ndugu zetu walio Ughaibuni watakunja uso. Shehena za vitabu vilivyotumika, vya Kiingereza, vyenye hadithi za theluji na mabasi ya ghorofa, zina nia njema na gharama kubwa ya meli. Mtoto wa darasa la pili wa Nzega hawezi kuvisoma. Fedha ileile ya usafiri ikipelekwa kwa wachapishaji wa Dar es Salaam, itanunua hadithi atakazozisoma siku hiyohiyo, na itawapa kazi wachoraji wetu.

Nikisema tuwape watoto vitabu, najua nitajibiwa: wataviharibu, kurasa zitakwenda kufungia karanga. Naam, nyingine zitakwenda. Lakini majirani zetu wa Kenya walikwishalitazama jambo hilo wakaamua. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kuwapandishia ngamia vitabu kule Garissa, kwa sababu wafugaji wanahama na gari halifiki kila mahali. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema. Wakifika, wahudumu hutandika mikeka na watoto huketi kusoma, na wanaotaka huazima. Fikirini vumbi lile, jua lile, na mtikisiko wa mgongo wa ngamia! Kama wangekuwa na hofu ya kitabu kuchakaa, wasingetoka mjini.

Nasi hatuanzii sifuri. Wakati wa kampeni ya elimu ya watu wazima, miaka ya sabini, vijiji vyetu vilikuwa na maktaba, na Kanda ya Ziwa ilikuwa na gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Watu wazima wasiojua kusoma, waliokuwa theluthi mbili mwaka 1967, walishuka mpaka chini ya moja ya kumi mwaka 1986. Baadaye vitabu vipya viliacha kuja, vya zamani vikaliwa na mchwa. Kwa maoni yangu kulikuwa na sababu nyingine pia: wanakijiji waliviona vitabu vile kuwa mali ya Serikali. Chuo cha Kurani hakijawahi kuonekana hivyo. Wazazi hujua zamu ya nani kununua mkeka, nani amkimu mwalimu, na juzuu ya mtoto ikichanika babaye huishona. Waumini wa kanisa nao hujua nani anatunza vitabu vya nyimbo. Uwezo huo wa kutunza kitu cha wote tunao tayari; hatujaupeleka shuleni tu.

Basi, wazazi wenzangu, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu, na kamati ya shule ina wajumbe mliowachagua wenyewe. Liwekeni jambo hili kwenye ajenda, kabla ya mengineyo. Kamati iamue na kuandika katika muhtasari kwamba vitabu vya hadithi vitaazimishwa, kwamba idadi fulani itachakaa kila mwaka, na kwamba hasara hiyo ni ya kijiji, si ya mwalimu mkuu. Nakala ya muhtasari apewe Afisa Elimu Kata, ili mkaguzi akija akute karatasi yenye sahihi zenu. Bila karatasi hiyo mwalimu hatafungua, na nisingemshauri afungue.

Bibi asiyejua kusoma asiachwe nje ya shughuli hii. Yeye ndiye mwenye ngano. Mjukuu amsomee kitabu jioni, naye bibi atamkatiza aseme, "Huyo sungura wa kwenu hakufanya hivyo!" na hapo kuna hadithi ya pili ya kuandikwa kwenye daftari, iwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya bibi kwanza.

Na fundi viatu wa kijijini, mwenye sindano na uzi mgumu, akubali kukaa alasiri moja kila mwezi pamoja na wanafunzi wa darasa la saba, wakishona migongo ya vitabu vilivyoachia na kugandisha majalada. Kile kisichoshoneka kikatwe picha zake zibandikwe ukutani darasa la kwanza, kisha mwalimu akifute katika leja, aandike sababu: kimesomwa.