Mwenye baipola apewe kufuli la pesa zake mwenyewe

Mikopo ya simu haimuulizi mkopaji amelala saa ngapi. Kwa wengi wetu hilo si tatizo. Kwa mtu anayeishi na baipola ambaye ugonjwa umempanda, ndilo tatizo lenyewe. Ni usiku wa tatu hajapata usingizi, kichwa kinachemka mipango, na mkononi ana simu inayoweza kumkopesha, kumuuzia, kumchezesha kamari na kumtumia yeyote pesa kabla ya adhana ya alfajiri. Msimamo wetu ni huu: mtu huyo awe na haki ya kujiwekea kufuli kwenye pesa zake wakati akiwa mzima, na kampuni za simu, mabenki na wakopeshaji walazimike kuliheshimu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na baipola. Ni ugonjwa wa hisia unaokwenda kwa vipindi. Akishuka, mtu huwa na huzuni nzito na hata kuoga humshinda. Akipanda, analala kwa saa mbili tu na kuamka na nguvu tele, anaongea bila kituo, na anajiona hakuna linaloshindikana. Kati ya vipindi hivyo kuna miezi, pengine miaka, ambayo yuko sawa kabisa: anafundisha, anashona, anaendesha daladala, analea wanawe. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani unahesabu kupanda kamili pale hali inapodumu wiki moja au zaidi, au inapomfikisha mtu kulazwa. Na katika orodha ya dalili zake, kununua ovyo na kumwaga mtaji kwenye biashara isiyo na kichwa wala miguu vimetajwa waziwazi. Kwa hiyo aliyetapanya mshahara katika hali hiyo hajakosa malezi. Ameonyesha dalili ya ugonjwa, kama mwenye malaria anavyotetemeka.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari. Jumatatu anaamka saa tisa usiku na wazo la kiwanda cha sare za shule. Jumatano amelipia cherehani sita, ilhali jengo hana na mteja hana. Alhamisi anatanguliza malipo ya kiwanja Kigamboni ambacho hajakiona. Ijumaa yuko harusini, anamtunza mwimbaji noti za elfu kumi hadi ukumbi unashangilia. Jumamosi salio limekwisha, na mikopo inaanza: wa kwanza wa kumalizia malipo ya cherehani, wa pili wa kulipa wa kwanza, wa tatu wa kuweka mkeka wa kubeti utakaorudisha vyote. Kila hatua, ukimuuliza siku hiyo, ana hoja yake, tena anaieleza vizuri kuliko meneja wa benki.

Tazameni hiyo Ijumaa. Duka la cherehani huenda likamtilia shaka, lakini ukumbini alipigiwa vigelegele. Jamii yetu inamsifu mwenye mkono wazi. Anayeahidi mchango mkubwa kwenye kikao cha harusi husomwa jina mara mbili, na anayetoa sadaka ya kushtua huombewa baraka. Ndiyo maana ndugu wengi huchelewa kugundua. Wanamvizia mgonjwa dukani wakati pesa zinatokea msikitini, kanisani, baa na kwenye vikao vya familia, nao wenyewe wamo kati ya waliopokea. Kipimo kisiwe kilichonunuliwa. Kipimo kiwe kasi yake, na tofauti yake na mtu tuliyemzoea. Bahili aliyeanza kugawa ovyo, tena halali usiku, apelekwe kliniki hata kama anagawa kwa mayatima.

Kisha hali inageuka. Nguvu zinakwisha, huzuni inaingia, deni linabaki. Hapo ndipo wale tunaowaita kausha damu wanapofanya kazi yao. Baadhi ya programu za mikopo huchota orodha ya namba zote zilizo kwenye simu na kuanza kuwatumia wakwe, bosi na wanakwaya ujumbe kwamba fulani ni tapeli. Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2024 ilitangaza hadharani programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kenya ilitunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, zikiwapiga marufuku kuwasumbua watu waliomo kwenye orodha ya simu ya mdaiwa. Hatua zote mbili ni nzuri. Lakini zinamlinda mdaiwa baada ya kukopa. Mgonjwa wetu anahitaji ulinzi kabla, kwa sababu aibu ya ujumbe ule inamfikia akiwa chini kabisa, wakati ambao uhai wake ndio ulio hatarini zaidi.

Familia nyingi zina majibu mawili, na yote hayafai. La kwanza ni mahubiri: anakalishwa kikao, anaambiwa ajirekebishe, anakubali kila neno kwa sababu siku hiyo yuko mzima, na kikao kinafungwa kwa dua. Miezi minane baadaye ugonjwa unapanda na mahubiri yote hayakumbukwi. La pili ni kunyang'anya: kadi ya benki anachukua kaka, simu anachukua mama, hati ya nyumba inapelekwa kwa baba mdogo "kwa usalama". Anapopona, vitu havirudi. Mtu mzima anaomba nauli kama mwanafunzi, na mke au mjane mwenye baipola ndiye anayeumia zaidi, maana ugonjwa wake umekuwa kisingizio cha watu kula mali yake.

Njia ya tatu tunayo na tunaitumia kila wiki. Vikoba vingi huweka pesa kwenye sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo wanashika wanachama watatu, na sanduku analala nalo mwingine. Halifunguliwi ila mbele ya kikao. Hakuna mama anayejiona ametukanwa kuitwa mshika ufunguo, wala anayelalamika kwamba hawezi kutoa hisa zake usiku wa manane. Utaratibu huo haukutungwa kwa sababu wanachama ni wezi. Ulitungwa kwa sababu pesa ya pamoja inahitaji muda na macho zaidi ya mawili. Pesa ya mtu ambaye ugonjwa wake unajulikana kuishambulia mifuko inahitaji vitu hivyohivyo, kwa ridhaa yake.

Kwa hiyo akiwa mzima, akae na watu wawili anaowaamini, mmoja wao asiwe mrithi wake wala mtu mwenye deni naye, waandike makubaliano ya ukurasa mmoja. Kwanza, dalili zake mwenyewe anazozijua: labda kulala chini ya saa nne siku mbili mfululizo bila kuchoka, labda kuanza biashara tatu kwa mpigo. Pili, mgawanyo wa pesa: ya matumizi ya wiki ibaki kwenye simu, iliyobaki iingie kwenye akaunti ya saini mbili, akaunti ya muda maalumu, au chama cha akiba na mikopo ambako kutoa kunahitaji taarifa. Tatu, kiwango: chochote kinachozidi kiasi walichokubaliana kisubiri siku mbili, na zawadi, sadaka na michango vihesabiwe humohumo. Nne, ukomo: nani atasema kipindi kimekwisha, na lini kila kitu kinarudi mikononi mwake. Makubaliano yasiyo na ukomo ni unyang'anyi ulioandikwa vizuri.

Kuna mengine ya kufanya leo bila kumngoja mtu. Ajitoe kwenye huduma za kukopa za kwenye salio pale mtandao unaporuhusu. Afute programu za mikopo na za kubeti, na kwenye akaunti ya kubeti aombe kufungiwa, siyo kufuta tu. Aondoe kadi iliyohifadhiwa kwenye maduka ya mtandaoni. Atunze risiti zote, kwa sababu muuzaji muungwana hupokea kitu kilichorudishwa kabla ya wiki kuisha. Na kama maji yameshamwagika, aandike madeni yote kwenye karatasi moja, yenye riba kali yakiwa juu, akaongee na wakopeshaji akiwa na ndugu pembeni, na asikope kwa huyu amlipe yule.

Hayo yote lakini yana tundu kubwa. Mtu anaweza kujitoa kwenye huduma moja mchana, akajiunga tena usiku kwa kubonyeza mara mbili. Tangu M-Shwari ianze Kenya mwaka 2012 na M-Pawa ifuate Tanzania mwaka 2014, kazi yote imekuwa kupunguza muda kati ya kuomba na kupata. Muda huo ndio uliokuwa ukimwokoa mgonjwa. Zamani alilazimika kusubiri benki ifunguliwe, ajaze fomu, atafute mdhamini, na mdhamini alipomtazama usoni aligundua kuna jambo.

Ndiyo maana tunataka mambo matatu, na tunayaelekeza kwa Benki Kuu za Tanzania na Kenya.

La kwanza ni kufuli moja kwa wakopeshaji wote wenye leseni. Mteja ajifungie kukopa kupitia menyu ya simu yake, na akitaka kufungua asubiri siku kadhaa. Linawezekana. Benki ya Monzo ya Uingereza iliweka mwaka 2018 kizuizi cha kamari ambacho mteja akitaka kukiondoa ni lazima asubiri saa 48. Hapa kwetu kizuizi kihusu mikopo, na kampuni za kubeti zifuate mfano huo chini ya mamlaka zinazosimamia kamari. Kiwe wazi kwa kila mtu, awe mlevi anayejijua, kijana aliyechoshwa na mikeka, au mama anayehofia simu yake kuibwa. Hakuna wa kuulizwa sababu, wala fomu ya kutaja ugonjwa, ili kufuli lisigeuke orodha ya wagonjwa ambayo kesho mwajiri au mkopeshaji ataitumia kumbagua mtu.

La pili ni kusimamisha riba, faini na simu za vitisho kwa mtu aliye kwenye matibabu ya dharura ya akili. England na Wales zina utaratibu huo tangu Mei 2021: mtaalamu wa afya ya akili anathibitisha, na mdaiwa anapumzishwa kwa muda wote wa matibabu hayo na siku 30 zaidi. Deni halifutwi, linangoja. Barua ya daktari wa hospitali ya Mirembe, Muhimbili au Mathari iwe na nguvu hiyohiyo mbele ya mkopeshaji.

La tatu ni kuifanya sheria iliyopo itumike. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kifungu cha 12, inasema mtu ambaye kwa kawaida ana akili timamu lakini mara nyingine huzikosa, hawezi kuingia mkataba wakati amezikosa. Ni maneno yanayomgusa mwenye baipola aliyepanda. Lakini nani atafungua kesi kwa sababu ya mkopo wa laki mbili, akathibitishe alikuwa na hali gani saa nane usiku? Kuwe na dawati la malalamiko linalosikiliza shauri la namna hiyo bila wakili na bila gharama.

Wapo watakaosema mtu mzima aachwe aharibu pesa zake, na kufuli ni kumfanya mtoto. Tunajibu kwamba mwenye kufuli ni yeye. Kinachomfanya mtoto ni njia ya mahakama kumteulia msimamizi wa mali, ambayo sheria ya afya ya akili ya Kenya, kwa mfano, inaiweka, na ambayo inapaswa kubaki ya mwisho kabisa. Anayejifungia mwenyewe akiwa mzima anatumia uhuru wake. Anayekopeshwa mara tano usiku mmoja na mashine isiyomwona hatuoni ni uhuru gani anaoutumia.

Kufuli halichukui nafasi ya dawa. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliripoti manufaa yake mwaka 1949, bado ni miongoni mwa dawa kuu za kutuliza hali hii, pamoja na valproeti, ambayo haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ila kwa uangalizi maalumu. Lithiamu inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa kuwa kiasi kikizidi ni sumu, na kukaukiwa maji mwilini huongeza hatari. Anayejisikia vizuri akaacha dawa kimyakimya anaandaa safari nyingine ya cherehani sita. Nazo kliniki zianze kuuliza habari za pesa kama zinavyouliza habari za usingizi. Swali moja, "umekopa wapi mwezi huu?", linaweza kumwonyesha daktari kupanda kulikoanza kabla ndugu hawajagundua.

Kampuni zimewekeza mabilioni ili mteja akope kwa dakika mbili. Hazitashindwa kumjengea njia ya kujizuia kwa dakika mbili. Kwa hiari yao hazitaijenga, kwa kuwa mkopaji wa saa nane usiku ni mteja mzuri kwao. Benki Kuu ndiyo yenye leseni mkononi, na leseni ijayo isitolewe wala kuhuishwa bila kufuli hilo kuwamo.