Wenye kujaza kartushi: kuingia mu shirika kunaleta nini?

Ukipita karibu na vyuo hapa Lubumbashi wakati wanafunzi wanaweka TFC zao, utaona kazi yenye watu wengi hawaihesabu kuwa kazi. Kijana amekaa nyuma ya fasi ya fotokopi, mbele yake kuko kartushi iliyofunguliwa, chupa ya unga mweusi, bisibisi na kitambaa. Anamwaga unga wa zamani, anapangusa, anaweka unga mpya, anafunga. Kartushi iliyokuwa ya kutupwa inarudi mu mashini ya kuchapisha, ao emprimanti sawa vile tunazoea kusema, na foleni ya wanafunzi inaendelea.

Wengi wao wanafanya ile kazi kila mtu peke yake. Unga wanaununua kwa mfanyabiashara mwenye anautoa Dubai ao Guangzhou. Ukiwa mbaya, mashini ya mteja inachafuka ndani, na mwenye kujaza njo anabeba lawama, si mwenye kuuza unga. Njo maana swali la kuunda shirika, ao kuingia mu lenye liko, linarudi kila mara. Kwangu jibu ni ndiyo, lakini si kwa sababu yenye watu wengi wanafikiri.

Wengi wanachukua shirika sawa likelemba: unatoa, siku yako ikifika unapokea. Wengine wanaona karte ya mwanachama itawafukuzia watu wa takse. Hapana. Shirika la ufundi halirudishi pesa mkononi, na karte haiondoi patanti. Kitu linachofanya, tukiangalie kwa wenzetu wenye walitangulia.

Mu mji wa Charleston, jimbo la West Virginia kule Marekani, kuna kampuni ndogo inaitwa Impression Products. Ilikuwa inanunua kartushi tupu za Lexmark, inazijaza, inaziuza. Lexmark ilikuwa ikiuza kartushi fulani kwa bei ya chini kwa sharti moja: mteja aitumie mara moja tu, kisha airudishe kwao wenyewe. Ikashitaki wajazaji wengi kwamba wanavunja haki yake ya uvumbuzi (ile ya mwenye kubuni kitu, si patanti yetu ya soko). Wengine wakakubali yaishe. Impression ikabaki.

Kesi ilipofika Mahakama Kuu, kampuni ile haikusimama peke yake. Shirika la wajazaji wa Marekani, International Imaging Technology Council, lilipeleka andiko la kuiunga mkono, pamoja na shirika la watu wa vipuri vya magari. Vipuri vya magari vinaingiaje hapo? Kama mwenye kiwanda anaweza kukufuata mpaka nyumbani na kukuambia namna ya kutumia kitu ulichokwisha kulipia, basi leo ni kartushi, kesho ni gari. Kampuni moja ikilia mahakamani, inalilia pesa zake. Shirika linaeleza majaji kazi nzima itakuwa namna gani kisha hukumu. Tarehe 30 Mei 2017, Jaji Mkuu John Roberts aliandika uamuzi: ukishauza kitu, haki ya uvumbuzi juu ya kile kitu imekwisha, hata kama ulikiuzia mu nchi ingine.

Ushindi mkubwa. Lakini mahakama inafungua sheria, haifungui mashini. Tarehe 13 Septemba 2016, kabla hata ya ile hukumu, watu wengi waliona mashini zao za HP zinakataa kartushi zenye chipu isiyokuwa ya HP. Hakuna mtu aliyekuja kugusa mashini; ilikuwa ni programu ya ndani. Tuseme haki: HP inaeleza kwamba kartushi iliyojazwa tena na kubakiza chipu yake ya kwanza inaendelea kutumika. Kwa hiyo ndugu yangu, ile chipu usiitupe. Baadaye, Desemba 2020, mamlaka ya ushindani ya Italia ilitoza HP faini ya euro milioni 10, kati ya sababu ikiwa kutowaeleza wanunuzi waziwazi juu ya kizuizi hicho.

Na sheria ya Ulaya ya 2002 juu ya takataka za vifaa vya umeme ilikuwa imekwisha kuomba nchi zisiache wenye viwanda watengeneze vifaa kwa namna ya kuzuia visitumiwe tena, isipokuwa kukiwa na sababu nzito. Sheria iko, chipu nayo iko. Shirika la wajazaji wa Ulaya, ETIRA, lenye lilianza 2003, linaendelea kugonga mlango uleule wa Bruxelles. Mtu mmoja angechoka zamani.

Turudi kwetu. Sioni mtu wa kiwanda akija Katuba ao Kenya kushitaki kijana wa kartushi. Vita ya hapa ni ya kuaminiwa. Ofisi kubwa, shule kubwa na makampuni ya madini wananunua kartushi mpya kwa sababu hakuna mwenye anaweza kuwaambia kwa uhakika: hii ya kujazwa itatoa kurasa ngapi. Kule nje kuko kipimo. Kwa kartushi nyeusi za leza kinaitwa ISO/IEC 19752, na kinataka angalau mashini 3 na kartushi 9, zichapishe mpaka ziishe, kisha hesabu inafanywa. Wadachi wako na chao cha kartushi za kujazwa, DIN 33870. Kijana mmoja atatoa wapi kartushi 9 za kumaliza bure? Watu watano, kumi, wanaweza, hata kama hawatafikia chumba na joto lenye kipimo kinataka. Hapo njo ninaona faida ya kwanza ya shirika.

Na hapo njo bei yake pia. Kupimwa ni kukubali mwenzako, mwenye mnagombania wateja, afungue kartushi yako na aone unga gani uliweka. Wengi watakataa. Wataleta kamati ya raisi, makamu, katibu na washauri sita mbele hata ya kununua kilo moja ya unga pamoja. Tumeona mara ngapi?

Kwa makaratasi, kuko njia mbili. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inaongoza mashirika yasiyotafuta faida, ASBL. Ao ushirika chini ya sheria za OHADA, zenye nchi yetu iliingia 2012: ushirika mdogo unahitaji watu 5 tu. Mimi ningechagua huo, kwa sababu kazi yenyewe ni kununua pamoja unga, chipu na kartushi tupu. FEC na COPEMECO zinabeba wenye kazi za kila namna. Kwenda kule mkiwa na matokeo ya kupima mkononi si sawa na kwenda mkiwa na maneno.

Kabla ya kutoa franka ya kuingia, uliza nani anatunza kartushi tupu, na nani anatia sahihi mu banki. Kisha uliza hili: kartushi ya mwanachama ikimwaga unga mu mashini ya mteja, nani analipa kuitengeneza, yeye peke yake ao sanduku la wote? Wakianza kuangaliana bila kujibu, weka pesa yako mfukoni mpaka waandike jibu mu kanuni.