Maegesho Bila Baraza

Jengo la umma halianzii mlangoni. Huanzia langoni, pale mwananchi anapokaguliwa na bawabu, na huendelea katika kipande cha ardhi anachokivuka kwa miguu ili kuifikia afisi anayoitafuta. Kipande hicho, ambacho katika makala haya nitakiita ua wa umma, humpokea mwananchi kabla hajaonana na karani yeyote. Maoni yangu ni kwamba nyua zetu za umma zimepangwa kwa kuhesabu magari na kuwasahau watu. Kwamba kasoro hii inatokana na kanuni zisizotaja bayana haki ya anayetembea na anayengoja. Na kwamba sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika kuirekebisha.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa fasihi ana habari gani na lami, miti na mitaro? Naam, swali hilo ni la haki. Nitalijibu kwa kuanza na mambo tunayoyajua vyema, yaani maneno.

Tulichukue neno maegesho. Kitenzi kuegesha ni cha mabaharia kabla ya kuwa cha madereva: nahodha alikiegesha chombo chake kwa kukileta ubavuni mwa gati au mwa chombo kingine. Magari yalipoingia katika maisha yetu, lugha haikusitasita. Ilichukua neno la pwani ikalipandisha nchi kavu, na leo hata mtoto wa shule anajua maegesho ni nini. Sasa tulitazame neno la pili, baraza. Katika miji ya Waswahili, baraza ni kikalio cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, mahali pa kupumzika, kuamkiana na kujadiliana. Neno hilo hilo ndilo tulilolipa heshima ya kutaja mkutano na chombo cha uongozi. Tuna Baraza la Mawaziri. Tuna baraza la chifu, ambalo aghalabu hufanyika chini ya mti. Ama kwa hakika, Kiswahili kimeweka kikalio cha nje na chombo cha utawala katika neno moja, kana kwamba kinatukumbusha kuwa serikali ni mahali mtu anapokaribishwa akae, asikilize na asikilizwe.

Ajabu ni kwamba vyombo vinavyobeba jina hilo vimehamia katika majengo yasiyo na baraza. Tazama afisi nyingi za serikali, mahakama na hospitali katika miji yetu. Mbele ya jengo pana uwanja wa lami au wa matofali ya kabro. Karibu kabisa na mlango zimechorwa nafasi za magari ya wakubwa, nazo mara nyingi zimeezekwa ili viti vya magari visipate joto. Mwananchi aliyefika kwa matatu au kwa miguu, mwenye mtoto mgongoni au fimbo mkononi, hupita katikati ya magari yanayorudi nyuma na kusimama kwenye foleni juani. Gari limepewa paa; mwenye nchi amenyimwa hata benchi.

Wazee wetu hawakujenga hivyo. Mji wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba ambamo kuta za upande mmoja hutilia kivuli njia ya mpita njia. Milango ya nyumba nyingi za kale ina daka, yaani kipenu chenye vikalio vya mawe pande mbili, ambapo mgeni huweza kuketi bila kumsumbua mwenye nyumba. Uwanja ulio mbele ya ngome ya mji huo unaitwa Mkunguni, kutokana na mkungu. Mombasa kuna Mwembe Tayari, Unguja kuna Mkunazini, na Mnazi Mmoja ipo Unguja na Dar es Salaam pia. Majina haya yanatufundisha kwamba mahali pa watu kukutana palitambulishwa kwa mti. Leo tunapotoa maelekezo ya kufika kwenye jengo la umma, tutataja mti gani?

Nisieleweke kwamba ninaililia Lamu ya kale ili tuyakimbie magari. Nairobi si Lamu. Lakini Nairobi nayo ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1906, mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliutolea mji huo bustani ambayo hadi leo ina jina lake. Mwaka 1991 ulizuka mpango wa kujenga maegesho ya ghorofa mahali hapo. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza kampeni ya kuupinga, na bustani ikanusurika. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1989, Wangari Maathai alikuwa amesimama kidete kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika Uhuru Park, nalo halikujengwa. Katika Bustani ya Jeevanjee ndimo walimokuja kukutana wananchi wanaojiita Bunge la Mwananchi, wakijadili siasa na uchumi wa nchi kwa Kiswahili, chini ya miti. Iwapo mpango wa 1991 ungalifaulu, mahali pa mjadala huo pangalikuwa pa kuwekea magari. Jamii inapopoteza kivuli hupoteza pia jukwaa la mazungumzo, na lugha inayozungumzwa hadharani hupungukiwa na mahali pa kuishi.

Sasa tugeukie kanuni. Desturi ya upangaji miji tuliyoirithi ni kudai idadi fulani ya nafasi za magari kulingana na ukubwa wa jengo. Hesabu yake ni nyepesi. Nafasi ya gari moja ina upana wa takriban mita 2.5 na urefu wa mita 5, yaani mita za mraba 12.5. Ukiongeza njia ya gari kuingia na kugeuka, eneo hilo hufikia mita za mraba 25 hivi. Kwa hiyo magari 40 hula mita za mraba 1,000, karibu robo ya ekari. Katika robo ya ekari hiyo mvua haipenyi ardhini, bali hutiririka kwenye mitaro ambayo tayari imeelemewa. Mafuriko ya mwaka 2024 yalituonyesha kile ambacho maji hufanya katika mji uliozibwa kwa saruji na lami. Isitoshe, lami hufyonza joto la jua mchana kutwa na kulitoa polepole, hata baada ya jua kutua.

Miji mingine imeliona tatizo hili zamani. Mwaka 1983 mji wa Sacramento, katika jimbo la California nchini Marekani, uliweka kanuni kwamba maegesho yapandwe miti ya kutosha ili nusu ya eneo lake iwe na kivuli baada ya miaka 15. Kanuni hiyo ni ya kupigiwa mfano, na kasoro ya utekelezaji wake ni funzo pia. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulibainisha kuwa maegesho mengi hayakulifikia lengo hilo. Miti ilipewa mashimo finyu ya udongo, ikadumaa au ikafa, na iliyokufa haikupandwa upya. Mti uliochorwa kwenye ramani hauna kivuli.

Hapa kwetu, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inazipa serikali za kaunti mamlaka ya kutoa idhini ya ujenzi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote bila vikwazo visivyostahili. Msingi upo. Kinachohitajika ni kanuni za kaunti zitakazoteremsha misingi hiyo hadi kwenye ua wa jengo. Ninapendekeza tano.

Kwanza, kila ramani ya jengo la umma ionyeshe njia ya waendao kwa miguu kutoka langoni hadi mlangoni, yenye kivuli, isiyokatizwa na magari, na yenye mteremko mwanana unaofaa kiti cha magurudumu. Pili, nafasi zilizo karibu zaidi na mlango ziwe za watu wenye ulemavu na za wagonjwa. Mkubwa wa afisi ana miguu. Tatu, maegesho yapandwe miti kwa kufuata idadi ya magari, kila mti ukipewa udongo wa kutosha kukua, na mitaro ielekeze maji ya mvua kwenye mizizi badala ya barabarani. Nne, kuwe na baraza, nalo liitwe hivyo hivyo: vikalio chini ya kivuli kwa wanaongoja. Tano, ukaguzi ufanywe kabla ya jengo kufunguliwa na urudiwe baada ya miaka mitatu, na mti uliokufa upandwe upya kwa gharama ya mwenye jengo.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba pesa hazitoshi. Jibu ni kwamba fedha hizo hizo ndizo zinazoezeka magari ya wakubwa. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2023, imeyataka maegesho yanayozidi mita za mraba 1,500 yafunikwe angalau nusu yake kwa paneli za umeme wa jua. Kivuli, kwa hiyo, kinaweza hata kuzalisha umeme. Wengine watasema kwamba miti huwaficha wahalifu na kwamba usalama hudai uwanja mtupu. Hoja hii ni nzito katika nchi iliyopoteza watu zaidi ya 200 tarehe 7 Agosti 1998. Lakini tukumbuke kwamba lori lililobeba bomu siku hiyo lilifikishwa kwenye eneo la maegesho nyuma ya ubalozi wa Marekani. Hatari ilikuja na gari lililokaribia jengo mno. Ua uliopangwa vyema, wenye ukanda wa bustani kati ya magari na kuta, huongeza umbali huo. Na tulipotaka kuwakumbuka marehemu wetu, pale palipokuwa na jengo hilo tulifanya bustani.

Nirejee sasa kwenye swali la msomaji. Kanuni za ujenzi huandikwa kwa Kiingereza, husomwa na wachache, na hutekelezwa na fundi, mtunza bustani na bawabu ambao hawakushirikishwa katika lugha wanayoimiliki. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na Katiba yenyewe ilipata tafsiri ya Kiswahili. Kanuni zinazoamua mwananchi atasimama juani au kivulini zinastahili heshima hiyo hiyo. Mtu hawezi kudai haki asiyokuwa na jina la kuitajia.

Istilahi zenyewe bado zinayumba. Wapo wanaosema usanifu wa mandhari, wengine upangaji mandhari, na wengine hukimbilia Kiingereza. Mpango wa kiwanja huitwa ramani, mchoro au plani kwa kutegemea anayezungumza. Ukanda wa udongo unaoachwa kati ya safu za magari hauna jina moja linalokubaliwa. Lugha iliyolipata neno maegesho kwa wepesi haiwezi kushindwa na maneno haya. Kinachokosekana ni mkutano kati ya idara zetu za Kiswahili na idara za usanifu majengo na upangaji miji, ambazo katika baadhi ya vyuo vikuu zimo ndani ya ua mmoja nasi. Mwanafunzi wa tafsiri anayetafuta mada ya tasnifu ana kazi hapa: kuchukua kanuni za kaunti moja, kuzitafsiri, na kuzijaribu mbele ya mafundi na wananchi ili kuona kama zinaeleweka.

Mnamo Novemba 2020, mti wa mugumo uliokadiriwa kuwa na umri wa takriban karne moja katika eneo la Westlands uliokolewa usikatwe kupisha ujenzi wa barabara ya juu ya Nairobi. Uliokolewa kwa tangazo la Rais Uhuru Kenyatta, baada ya wanamazingira kupaza sauti. Tuliushangilia uamuzi huo, na ulistahili kushangiliwa. Hata hivyo, taifa ambalo mti mmoja hunusuriwa kwa kauli ya rais ni taifa ambalo miti mingine yote inategemea bahati. Miti yenye kivuli mbele ya zahanati ya kata au afisi ya chifu haina wa kuitetea Ikulu. Itatetewa na kanuni iliyoandikwa, inayoeleweka, na inayoweza kunukuliwa na mama aliyesimama foleni.

Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Chama chetu kisiende kwa serikali za kaunti na malalamiko matupu. Kiende na rasimu ya kanuni kwa Kiswahili sanifu na faharasa ya istilahi zake. Na kabla ya kwenda huko, tuuangalie ua wa chuo chetu wenyewe: tuhesabu nafasi za magari, kisha tuhesabu vikalio vilivyo kivulini, na tuzipeleke hesabu hizo mbili kwa wakuu wetu.