Nyiragongo si ya wageni peke yao

Ndugu wasikilizaji wa Birere, na nyinyi ndugu zetu muliokimbia vita, leo tuongelee mlima ambao sote tunauona juu ya mji, lakini wachache sana kati yetu wamefika kileleni.

Kabla ya mlipuko wa tarehe 22/05/2021, mgeni alilipa dola 300 kwa Parki ya Virunga. Alianzia Kibati pamoja na walinzi na wabeba mizigo, akapanda masaa 5 hivi hadi mita karibu 3.470, akalala kwenye vijumba vya juu na kutazama ziwa la moto. Kesho yake alishuka, akarudi kwao na picha.

Hatumchukii mgeni. Pesa yake iliwapa wabeba mizigo wa Kibati chakula. Lakini tunauliza: mtoto wa Birere yuko wapi katika safari hiyo? Tarehe 17/01/2002 moto ulipita katikati ya mji, ukachoma nyumba na maduka yetu. Leo tunajenga, tunauza na kusukuma chukudu juu ya mawe yaleyale. Mwaka 2021 moto ulikula nyumba za Buhene, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa, na raia hawakuonywa mbele. Wataalamu wa OVG walisema wazi kwamba walikosa pesa za kuufuatilia mlima. Siku tano baadaye serkali ikaamuru watu watoke: wengine Sake, wengine Gisenyi, na watoto wakapotea njiani.

Na wakimbizi wa vita? Kuanzia mwaka 2022 maelfu walipiga vibanda Kanyaruchinya, chini ya mlima uleule. Mtu aliyetoka Rutshuru na mzigo kichwani atajuaje mazuku, ile hewa mbaya inayoua kimya kwenye mashimo, kama hakuna wa kumweleza?

Wengine watasema: vita haijaisha na mlima ni hatari, mambo ya kupanda yangoje. Ni kweli, hatuombi mtu apande leo. Lakini siku njia ya Kibati itakapofunguliwa tena, isifunguliwe kama zamani.

Kwanza, sehemu ya kila dola ya mgeni iende OVG, na hesabu isomwe mbele ya raia. Pili, wanafunzi wa Goma wapandishwe kwa bei ambayo mzazi muuza makala anaiweza, pamoja na mtaalamu wa kuwafundisha. Tatu, na hili halihitaji kungoja: wanaoijua njia ya mlima wapewe kazi ya kufundisha dalili za hatari katika mitaa yetu na popote wakimbizi walipo.

Mgeni analala pale usiku mmoja. Sisi tunalala chini yake miaka yote. Nani anapaswa kuujua zaidi?