Barua ya Bwana Shamba: Mtoto Mwenye Kiu Isiyokwisha

Ndugu msomaji,

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kupalilia pamba. Mwezi huu naacha shamba kidogo. Nataka kukueleza juu ya ugonjwa wa kisukari unaowapata watoto na vijana. Mimi si mganga. Lakini ugonjwa huu nimeuona kwa macho yangu, na nilifanya kosa. Sitaki na wewe ulifanye.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kwa mkulima mmoja kukagua pamba yake. Alikuwa na binti wa miaka 9. Mama yake aliniambia, "Bwana Shamba, mtoto huyu ameanza tena kukojoa kitandani. Anakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Tena amekonda." Mimi nikajibu haraka, "Mnyimeni maji usiku, ataacha." Wakamnyima maji. Baba akamchapa. Usiku mtoto akatoka kimya kimya, akanywa maji ya ndama.

Baada ya majuma mawili mtoto alianza kutapika. Alihema kama mtu aliyetoka mbio. Sisi tulidhani ni malaria. Wengine walisema amelogwa. Siku 2 zikapotea. Mwishowe tulimpakia kwenye pikipiki mpaka hospitali. Mganga alimtoboa kidole, akapima tone la damu. Sukari ilikuwa nyingi mno. Akatuambia, "Mngengoja mpaka kesho, mngemzika."

Nilimwomba mganga yule anifundishe. Haya ndiyo niliyojifunza.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ugali, viazi, ndizi na wali tunavyokula hugeuka kuwa sukari katika damu. Sukari hiyo ndiyo nguvu ya mwili. Lakini haiwezi kuingia mwilini vizuri bila insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilichoko nyuma ya tumbo la chakula.

Fikiri juu ya ghala lako. Umevuna mahindi mengi, lakini ufunguo wa ghala umepotea. Mahindi yamejaa uani, na ghala ni tupu. Insulini ni ufunguo huo. Ikikosekana, sukari hujaa katika damu na mwili hubaki na njaa. Figo huitoa sukari kwa mkojo, na maji mengi hutoka pamoja nayo. Ndiyo maana mgonjwa hukojoa sana na kuona kiu sana. Kisha mwili huanza kula mafuta na nyama yake wenyewe. Mgonjwa hukonda, na asidi hujaa katika damu. Asidi hiyo ndiyo inayoua.

UNALETWA NA NINI?

Mwili una walinzi wanaopigana na vijidudu vya magonjwa. Katika ugonjwa huu walinzi hao hukosea. Wao ni kama kibarua anayepalilia, akang'oa mahindi machanga akidhani ni majani. Hushambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini mpaka ikaharibika.

Basi, ndugu, ugonjwa huu si uchawi. Hauambukizi. Hauletwi na kula sukari wala miwa. Mama wa mtoto hana kosa. Mpaka sasa hakuna njia inayojulikana ya kuukinga.

Kuna kisukari kingine kinachowapata zaidi watu wazima. Hicho wengi hukitibu kwa vidonge na kwa kuangalia chakula. Lakini hiki cha watoto hutaka insulini kila siku, maisha yote.

DALILI ZAKE

Mtoto hukojoa mara kwa mara, hata usiku. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena. Huona kiu sana. Hukonda ingawa anakula. Huchoka upesi. Pengine sisimizi hukusanyika alipokojoa.

Dalili za hatari ni hizi: kutapika, kuumwa tumbo, kuhema kwa nguvu, pumzi kunuka kama matunda yaliyoiva mno, na kulegea au kupoteza fahamu. Hapo usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali mara moja. Sema wazi, "Naomba apimwe sukari." Hata kama malaria imeonekana, omba sukari nayo ipimwe. Kipimo ni tone moja la damu. Mtu mwenye dalili hizi, namba ya mashine ikifika 11.1 au kuzidi, ana kisukari.

MATUNZO

Zamani mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa hana matumaini. Mwaka 1921, mjini Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kuitoa insulini katika kongosho la mbwa. Mwaka 1922 kijana wa miaka 14 alichomwa sindano na akapata nafuu. Kwa miaka mingi baadaye insulini ilitoka katika kongosho la ng'ombe na la nguruwe.

Insulini huchomwa kwa sindano, si vidonge. Dawa za miti haziwezi kushika nafasi yake. Mgonjwa asiache insulini hata akiwa na homa. Afuate kipimo cha mganga, na ale kwa saa zake.

Insulini ikizidi chakula, sukari hushuka. Mtoto hutetemeka, hutoka jasho na huchanganyikiwa. Mpe upesi maji yenye vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari, kisha chakula. Akiwa amezimia, usimtie kitu kinywani. Kimbilia hospitali. Mwalimu wake naye aelezwe.

KUHIFADHI DAWA

Jua kali huharibu insulini. Kuganda kwa barafu pia huiharibu. Kama huna jokofu, tumia vyungu viwili. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa. Jaza mchanga katikati, na uumwagie maji asubuhi na jioni. Tia chupa ya dawa katika kopo lisiloingiza maji, kisha uliweke ndani ya chungu kidogo. Funika kwa kitambaa kilicholoweshwa. Weka vyungu kivulini penye upepo. Muulize mganga chupa iliyofunguliwa itumike siku ngapi.

Leo binti yule yuko darasa la 6. Hujichoma sindano mwenyewe, baba yake akimwangalia. Maji anakunywa apendavyo. Kila ninapopita pale, baba yake na mimi hatuyazungumzi ya siku zile, lakini hatujayasahau.

Ndugu, mtoto wako akianza tena kukojoa kitandani, usimchape. Usimnyime maji. Mpeleke akapimwe.

JADILI NA WENZAKO

1. Kwa nini mtoto huyu alikuwa na kiu?
2. Zahanati yenu ina kipimo cha sukari? Kama haina, kilicho karibu kiko wapi?
3. Usiku mtoto akizidiwa, kijiji kitamfikishaje hospitali?

Tuonane mwezi ujao.

Wako katika kazi,
Bwana Shamba