Nani Alipe Gharama ya Jaribio?



Mkopo na jaribio havipatani. Kikundi cha akina mama kinachokopa fedha ili kununua cherehani kinajua kwamba cherehani hushona. Kinachobaki ni bidii yao na hali ya soko. Lakini kikundi kinachotaka kujaribu kama mabaki ya mkonge yaweza kuivisha ugali, au kama tanuri jipya laweza kutoa mkaa mwingi kwa kuni chache, hakijui. Hicho kinachokitafuta ndicho ambacho bado hakijulikani. Kikikopa, na jaribio likishindikana, kitabaki na deni pamoja na aibu mbele ya kijiji.

Twasema haya kwa sababu njia ya fedha za serikali iliyo karibu zaidi na wanyonge wa Handeni na Korogwe ni mkopo. Sheria inaziagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, nayo haina riba. Twaushukuru mpango huo, ila haukuwekwa kwa ajili ya utafiti, na ni kosa kuufanya ubebe mzigo usio wake.

Utafiti wenyewe unayo makao yake. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973. Tume ya Sayansi na Teknolojia ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1986. Pale Arusha ipo CAMARTEC, inayoshughulikia zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Wakala wa Nishati Vijijini ulitungiwa sheria mwaka 2005. Kwa upande wa ulinzi lipo Shirika la Mzinga, Morogoro, na Shirika la Nyumbu, Kibaha, lililozaliwa kutokana na nia ya Mwalimu Nyerere ya kuona magari yanabuniwa na kutengenezwa na Watanzania wenyewe. Katika taasisi za namna hii mtaalamu akishindwa, hafuatwi nyumbani kwake na mdai. Mshahara wake hulipwa, na hasara hubebwa na hazina. Hatulalamiki, maana hakuna utafiti usio na hasara. Tunachouliza ni kwa nini kinga hiyo iishie mlangoni mwa taasisi, wakati hazina yenyewe hujazwa pia na kodi ya muuza mahindi wa Mkata na ya mkata mkonge wa Magunga.

Nchi nyingine zilikwisha kulitafakari jambo hili. Mwaka 1982 Marekani ilitunga sheria iliyozilazimisha idara za serikali zenye bajeti kubwa ya utafiti kutenga sehemu yake kwa kampuni ndogo. Sehemu hiyo iliongezwa hatua kwa hatua hata ikafikia asilimia 3.2 mwaka 2017. Fedha hizo si mkopo. Kampuni hupewa kiasi kidogo kwanza ili ionyeshe kwamba wazo lake lina msingi. Ikifaulu, hupewa kikubwa zaidi. Idara ya Ulinzi ndiyo iliyotoa fungu kubwa kuliko zote, na Idara ya Nishati nayo imo. Hatuisifu Marekani kwa silaha zake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kusema mwaka 1965 kwamba mashindano ya silaha huwaumiza maskini, na Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake wa mwaka 1967 juu ya maendeleo ya watu, aliomba sehemu ya fedha za silaha iingizwe katika mfuko wa kuwasaidia wahitaji. Lakini utaratibu wa kumpa mdogo nafasi ya kujaribu bila kumtia kitanzi cha deni, huo twaweza kuuiga.

Tutazame Handeni. Miti yake imegeuzwa mkaa wa kupikia katika jiji la Dar es Salaam kwa miaka mingi. Tanuri la kienyeji la udongo huteketeza kilo 5 hadi 10 za kuni ili kupata kilo moja ya mkaa. Mchoma mkaa hujua vizuri kuliko mtu yeyote ni mti gani hutoa mkaa mzito na moshi wa rangi gani huonyesha kwamba tanuri limeiva. Huo ni ujuzi, ingawa katika vikao vingi mchoma mkaa hutajwa kama mhalifu tu. Mwaka 2024 serikali ilianza kuzizuia taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kupikia kuni na mkaa, ikazindua pia mkakati wa kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Shabaha ni njema. Lakini shule iliyo mbali na lami, ambako mtungi wa gesi hufika kwa taabu, ipikie nini?

Wengine hujibu: biogesi. CAMARTEC imefanya kazi hiyo tangu miaka ya 1980, na mitambo yake imewafaa wafugaji wengi wa nyanda za juu ambao ng'ombe wao hula zizini. Mtambo huo hutaka samadi ya kila siku pamoja na maji yanayokaribia kulingana nayo. Handeni ng'ombe wengi huchungwa porini, na kiangazi mama hutafuta ndoo moja ya maji kwa saa kadhaa. Nani atamwambia aimimine shimoni? Jibu la Arusha halikukosewa, lilitafutwa Arusha. La Handeni litafutwe Handeni, pamoja na wale watakaolitumia.

Korogwe inayo mali ambayo bado hutupwa. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge yanayoingia kwenye korona, nyuzi kavu hazizidi sana kilo 4. Yanayobaki ni maji na makapi, ambayo kwa miongo mingi yameachwa yaoze na kuchafua mito. Hale, ambako bwawa la umeme la mwaka 1964 lilijengwa na nyaya zake zikapita juu ya vijiji vilivyokaa gizani, ndiko ulikozinduliwa mwaka 2008 mtambo wa kufua umeme kwa mabaki hayo, kilowati 150 kwa kuanzia. Waliochangia ni shirika la Umoja wa Mataifa la viwanda, UNIDO, Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, serikali yetu na kampuni ya Katani. Hivyo jambo lilithibitika: mabaki hutoa nishati. Sasa wakulima wadogo wa Mwelya, Magoma, Ngombezi na Magunga, waliojiunga katika vyama vya ushirika, wana haki ya kuuliza mambo mawili. Mkulima hulipwa kwa uzito wa nyuzi. Je, makapi ya mkonge wake ni ya nani? Na maarifa yaliyopatikana Hale, ambayo fedha za umma zilisaidia kuyapata, yameandikwa wapi kwa Kiswahili ili chama cha ushirika kiyasome na kujenga mtambo mdogo wa kijiji?

Hapo ndipo tunapovigusa viwanda vya ulinzi. Siri ya risasi na ibaki siri; walioiona vita ya Kagera ya mwaka 1978 hawahitaji kufundishwa kwamba taifa hujilinda. Lakini mashine ya kukereza vyuma si siri, wala ufundi wa kuchomelea tangi lisilovuja gesi. Fundi wa Korogwe aruhusiwe kwenda Kibaha na mchoro wake, akapimiwe chuma chake bila malipo.

Wapo watakaosema kwamba wadogo wakipewa fedha zisizorudishwa watazila. Baadhi watazila, kama ambavyo wakubwa baadhi wamezila. Dawa ni kutoa kidogo kwanza, kukagua, ndipo kuongeza. Na kubandika ukutani mwa ofisi ya kijiji kiasi kilichotolewa, kilichojaribiwa na kilichoshindikana. Habari ya kushindwa nayo ni mali, kwa kuwa humwokoa jirani asiirudie njia ileile.

Halmashauri zetu ni nne: mbili za Handeni na mbili za Korogwe, za wilaya na za miji. Kabla ya vikao vya bajeti, viongozi wa walei wa kila parokia wamwendee diwani wao, wakiwa pamoja na ndugu zetu Waislamu na wa madhehebu mengine, maana moshi wa jikoni hauchagui dini. Wamwombe apeleke hoja ya kutenga fungu la majaribio lililo mbali na fungu la mikopo, hata likiwa dogo, na halmashauri iiandikie Tume ya Sayansi na Teknolojia kuomba fungu la wazalishaji wadogo litokane na fedha za utafiti za taifa. Jibu likija kwa maandishi, lisomwe katika jumuiya.