Moto Ukizimwa, Udongo Upimwe

Moto wa msituni ukisha kuzimwa, aghalabu hesabu ya hasara huishia kwenye miti na wanyama. Udongo hausemwi. Hilo ni kosa, kwani madhara mengine hungoja mvua.

Majani makavu yaliyotanda chini ya miti yana nta na mafuta. Yanapoungua, sehemu ya vitu hivyo hugeuka mvuke, ukapenya udongoni. Sentimita chache chini, penye ubaridi, mvuke huganda na kuzivika chembe za udongo utando unaokataa maji. Utando huo huimarika joto la udongo likaribiapo nyuzi 200 za Sentigredi. Likipita 400, huungua ukatoweka. Ndiyo sababu tabaka la juu huweza kunywa maji na la chini yake likayakataa. Mvua ikinyesha, tabaka hilo la juu hushiba upesi, kisha maji huteremka kwa kasi yakichukua udongo na majivu.

Mwezi Desemba 2017 moto uliunguza milima iliyo juu ya mji wa Montecito, California, nchini Marekani. Tarehe 9 Januari 2018 mvua kali ilinyesha juu ya miteremko hiyo mitupu. Tope na mawe yakaporomoka, yakaua watu zaidi ya 20.

Oktoba 2020 moto uliteketeza kilomita za mraba zipatazo 95 za Mlima Kilimanjaro, nao ni msimu wa vuli. Si halali kudhani kuwa udongo wa volkano wa Kilimanjaro hufanya sawasawa na ule wa California. Hapana budi upimwe.

Wako wasemao kuwa dawa ni kupanda miti. Kupanda ni jambo jema, lakini mche huhitaji miaka, na mvua haingoji. Kwanza ijulikane ni miteremko ipi inayokataa maji, ili itandazwe nyasi kavu kabla ya mvua.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Majivu hufagiliwa, tone la maji hudondoshwa juu ya udongo mkavu, na sekunde huhesabiwa. Tone likikaa zaidi ya sekunde 5, udongo unakataa maji. Kisha hufukuliwa sentimita moja, na jaribio hurudiwa. Shule iliyo karibu na mahali palipoungua yaweza kulinganisha udongo huo na ule uliosalimika, bila kuwasha moto wowote. Somo hilo lastahili nafasi darasani, kwani wanaoishi chini ya mlima ndio watakaopokea maji yaliyokataliwa juu.